Mitambo mitatu ya upepo Singida: je, hesabu inakubali?

Swali: Mimi ni mstaafu wa miaka 63, naishi Singida. Nina kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, na familia yetu ina ekari 70 kwenye mwinuko nje ya mji. Amekuja dalali na pendekezo la kuweka mitambo mitatu ya upepo iliyotumika Ulaya, kila mmoja wa kilowati 800, gharama yote dola milioni 3.8, umeme tuwauzie TANESCO kwa senti 8 za dola kwa uniti. Anasema upepo wa Singida ni mita 9.9 kwa sekunde, mtaji utarudi kabla ya miaka mitatu, na kwamba huko Denmark hata wakulima wanamiliki mitambo ya aina hii. Mufindi nao wameweka mitatu na inafanya kazi. Anahitaji hati ya kiwanda iwe dhamana ya mkopo, na ada ya kuanzia dola 15,000. Nisaini?

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. Usisaini, na hati ya kiwanda isitoke ndani ya nyumba yako. Nitakuandikia kwa urefu kidogo, kwa sababu pendekezo hilo lina mambo ya kweli yaliyochanganywa na hesabu mbovu. Ukilikataa bila kujua lipi ni lipi, mwakani atakuja dalali mwingine na karatasi iliyopangwa vizuri zaidi.

Tuanze na hesabu yake, kwa kuwa ndiyo iliyokutia hamu. Mitambo mitatu ya kilowati 800 ni kilowati 2,400. Amezidisha kwa saa 24, akazidisha tena kwa siku 365, akapata uniti milioni 21. Kwa senti 8 kila uniti, hizo ni dola milioni 1.68 kwa mwaka. Ukigawa milioni 3.8 kwa hiyo, unapata miaka miwili na miezi mitatu. Kuzidisha kwake ni sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba hakuna mtambo wa upepo duniani unaofanya kazi kwa nguvu yake yote saa zote 8,760 za mwaka. Mtambo wa ukubwa huo huanza kuzalisha upepo ukifika mita 3 au 4 kwa sekunde, hufikia nguvu kamili kwenye mita 13 hivi, na ukipita mita 25 hujizima wenyewe ili usivunjike. Sehemu kubwa ya mwaka mtambo uko hapo katikati, unazalisha robo, nusu, au hauzalishi kitu.

Eneo zuri hutoa asilimia 30 hadi 40 ya uniti zile za kwenye karatasi, na eneo la kawaida hutoa 20 na kitu. Nikikupa asilimia 30, ambayo si uchoyo, uniti zako ni milioni 6.3 kwa mwaka na mapato ni kama dola 504,000. Hapo hujamlipa mlinzi, fundi, bima, wala benki.

Kuhusu mita 9.9, dalali hakuibuni. Ni takwimu ya Kititimo, hapo hapo Singida, iliyopimwa kwenye kimo cha mita 30, na imerudiwa katika nyaraka nyingi za nishati nchini pamoja na ile ya Makambako ya mita 8.9. Lakini Kititimo ni Kititimo, na shamba lako ni shamba lako. Upepo hubadilika kutoka kilima hadi kilima. Jabali, msitu au bonde lililo nusu kilomita kutoka mnara linatosha kuupunguza au kuuvuruga. Na tofauti ndogo ya kasi ni tofauti kubwa ya pesa, kwa sababu nguvu iliyomo ndani ya upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi: kasi ikiwa mara mbili, nguvu ni mara nane. Kati ya mita 9.9 na mita 7, nguvu ya upepo inatofautiana karibu mara tatu. Mtambo hauvuni tofauti yote hiyo kwa kuwa una kikomo chake, ila unaona jinsi mradi unavyoweza kuzama kwa namba moja iliyoazimwa kwa jirani.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa mitambo kutoka nchi za pwani ya Ulaya husahau kulitaja. Singida iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, kama asilimia 13 pungufu ya hewa ya pwani, na upepo wa kasi ileile hubeba nguvu pungufu kwa kiasi hichohicho. Jedwali la uzalishaji lililoandikwa kwa ajili ya Denmark halisomeki vivyo hivyo Singida.

Dawa yake ni kupima. Unasimamisha mlingoti wa kupimia upepo penye eneo lenyewe, mrefu kukaribia kimo cha kitovu cha mtambo, na unauacha usipungue miezi 12. Nimewahi kupewa nikague mradi mmoja mdogo, sitautaja, uliokuwa na vipimo vya miezi minne tu, Juni hadi Septemba. Upepo ulikuwa mzuri kweli, maana hiyo ndiyo kusi na kiangazi, majira ambayo bara letu la kati hupata upepo wake. Wenye mradi walichukua wastani wa miezi hiyo wakautandaza mwaka mzima, kana kwamba Machi na mvua zake haipo. Wale watu hawakuwa matapeli. Walitamani sana jambo liwe kweli, na mlingoti uliwapa miezi minne ya kuamini.

Sasa tuje kwenye benki, maana mradi wa upepo ni mkopo kwanza na umeme baadaye. Kwa mtambo wa dizeli unalipa kidogo unaponunua, kisha unalipia mafuta kila siku. Kwenye upepo unanunua mafuta ya miaka 20 siku ya kwanza, kwa fedha ya kukopa. Kwa hiyo riba ndiyo bei yako halisi ya mafuta.

Hebu tupige hesabu ya mitambo mipya, halafu tutarudi kwenye iliyotumika. Shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, liliweka wastani wa dunia wa gharama za miradi ya upepo wa nchi kavu kwa mwaka 2023 kwenye dola 1,160 hivi kwa kilowati. Wastani huo umebebwa na miradi mikubwa, hasa ya China. Kwa mradi wa mitambo mitatu ndani ya bara la Afrika mimi huanza na dola 2,000 hadi 2,500 kwa kilowati, na sababu inaonekana ukisimama barabarani. Panga moja la mtambo wa kilowati 800 lina urefu wa mita 25 hivi. Linasafiri kutoka bandari ya Dar es Salaam, linapita Morogoro, Dodoma na Manyoni, kama kilomita 700. Kreni ya kuinua mzigo mzito hadi mita 50 au 70 haikodishwi Singida. Inakuja kutoka mbali, inalipwa kuja, inalipwa kusubiri upepo utulie, inalipwa kurudi. Safari hiyo ya kreni ni ileile kwa mitambo mitatu au thelathini. Upembuzi yakinifu, wanasheria, cheti cha mazingira cha NEMC, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwa sababu ya urefu wa minara karibu na uwanja wa ndege, njia ya umeme mpaka kwenye gridi: vyote hivi havipungui kwa sababu mradi wako ni mdogo.

Tuseme basi dola milioni 5.2. Benki ikubali kukopesha asilimia 70, yaani milioni 3.64, na ninyi mlete milioni 1.56 taslimu. Mkopo wa dola kwa riba ya asilimia 9 kwa miaka 12 una marejesho ya dola 508,000 kila mwaka. Mapato yetu ni 504,000, matumizi ya uendeshaji tuyaweke 130,000, zinabaki 374,000. Mnapungukiwa dola 134,000 kila mwaka, kwa miaka 12, na hapo ndipo hati ya kiwanda inapoanza kuzungumza.

Badilisha namba uone ni ipi inayobeba mzigo. Upepo ukiwa bora, asilimia 40, mapato ni dola 673,000. Toa uendeshaji, mnabaki na 543,000, mnalipa benki kwa shida na kubakiwa na senti za chai. Benki makini haitakubali hata hivyo, kwa sababu hutaka kuona angalau dola 1.30 ya faida ya uendeshaji kwa kila dola 1 ya marejesho. Bei ikiwa senti 11 na upepo asilimia 40, uwiano unafika 1.56 na mradi unasimama wima. Mkopo wa masharti nafuu, riba asilimia 5 kwa miaka 15, unashusha marejesho hadi dola 351,000, na mradi ule wa kwanza, wa asilimia 30 na senti 8, unaponea chupuchupu. Lakini mkopo wa kawaida wa biashara kwa shilingi, tuseme asilimia 16 kwa miaka 7, unapandisha marejesho hadi thamani ya dola 901,000. Hakuna upepo wa Singida unaoweza kulipa hiyo.

Kwa hiyo ukikutana na mtu wa mradi wa upepo, kabla hujamuuliza kasi ya upepo muulize riba na muda wa mkopo, na barua ya benki iko wapi. Akikujibu kwamba mkopo "utapatikana", umeshajibiwa.

Umetaja Denmark, na ni mfano ninaouheshimu sana. Middelgrunden, mbele ya bandari ya Copenhagen, ilijengwa mwaka 2000 ikiwa na mitambo 20 ya megawati 2, na nusu yake ilinunuliwa na ushirika wa raia zaidi ya 8,000. Haukuwa upepo peke yake uliowafanikisha. Walikuwa na sheria na bei zilizojulikana mapema, mikopo ya riba ndogo ya fedha yao wenyewe, na mafundi wa mitambo wanaoishi mwendo wa saa moja. Mkulima wa Denmark aliyenunua hisa alikuwa anasimama juu ya sakafu iliyojengwa na nchi nzima kwa miaka 20.

Mufindi ni mfano wa karibu zaidi, na una mafunzo kuliko Denmark. Kampuni ya Rift Valley Energy ilianza na maji: mtambo wa Mwenga wa megawati 4, uliowashwa mwaka 2012. Ikajenga njia zake za kusambaza umeme vijijini, ikapata wateja, ikawa na mkataba wa kuuza ziada TANESCO. Mitambo mitatu ya upepo, megawati 2.4, ilikuja mwaka 2020, ikapachikwa juu ya kila kitu kilichokuwepo: mtandao, mafundi, wateja, sifa mbele ya wakopeshaji. Na kuna uzuri mwingine. Kiangazi maji ya mto yanapopungua ndipo upepo unapoongezeka, hivyo mitambo ile inaziba pengo ambalo lilikuwa linawagharimu. Ukiondoa Mwenga ya maji, sidhani kama Mwenga ya upepo ingejengwa. Wewe unaambiwa uanzie ghorofani.

Jambo ambalo dalali amelipita haraka ni mnunuzi. Senti 8 ameitoa wapi? Mfumo wa wazalishaji wadogo wa umeme, hadi megawati 10, ulianza Tanzania mwaka 2008, na wakati huo bei zilitokana na gharama ambayo TANESCO ingeiepuka kwa kununua kwako. Kwenye mabadiliko ya 2015 maji na bayomasi vilipewa bei kwa ukubwa wa mradi, jua na upepo vikaelekezwa kwenye ushindani wa zabuni. Maana yake hakuna dirisha ambalo mzalishaji wa upepo anakwenda na fomu, anakuta bei imebandikwa ukutani. Kenya nayo, iliyokuwa na bei maalumu ya upepo ya senti 11 kwa miradi midogo tangu 2012, iliuondoa upepo katika mfumo huo mwaka 2021 na kuupeleka kwenye minada.

Halafu kuna Bwawa la Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115. Mashine yake ya kwanza iliingia kwenye gridi mapema 2024. Nchi iliyokuwa ikikodi majenereta ya mafuta kwa bei ya kuumiza sasa ina umeme mwingi wa maji wa bei nafuu. Hiyo ni habari njema kwa Watanzania, nami naifurahia. Lakini kwa mtu anayetaka kuuza megawati 2.4 kwa bei ya juu ili alipe mkopo wa dola, ni habari ngumu. Miradi mikubwa ya upepo ya Singida, ya megawati 50 na 100, imezungumzwa tangu miaka ya 2000, ikiwa na wahandisi, wanasheria na wafadhili wa uhakika, na miaka mingi imepita bila minara kusimama. Upepo haukuwa kikwazo. Jiulize wewe na ndugu zako mtapita vipi mlango ule.

Hata mkataba ukipatikana, usome kifungu cha gridi inapokatika. Mtambo wa upepo uliounganishwa kwenye njia ya kilovolti 33 lazima uzime njia hiyo inapozima. Upepo utavuma, mapanga yatasimama, na uniti hizo haziuziki kesho. Mradi wa Ziwa Turkana kule Loiyangalani, mitambo 365, megawati 310, ulikamilika 2017 ukakaa zaidi ya mwaka bila njia ya kusafirishia umeme, iliyowashwa Septemba 2018. Wenye mradi hawakufa kwa sababu mkataba wao uliibana serikali ya Kenya kulipa fidia kwa ucheleweshaji. Mradi wa familia moja ya Singida hautapewa kifungu cha namna hiyo.

Na sarafu. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 2,300, katikati ya 2024 ikapita 2,600. Aliyekuwa na mkopo wa dola na mapato ya shilingi alipandishiwa deni kwa zaidi ya asilimia 13 bila kukopa hata senti ya ziada.

Mitambo iliyotumika, sasa. Biashara hiyo ipo na ni halali. Ulaya wanang'oa mitambo midogo ya miaka 15 hadi 20 ili waweke mikubwa mahali hapohapo, na ile ya zamani inauzwa kwa bei ya kuvutia. Ila mitambo hiyo ilibuniwa kuishi miaka 20 hivi. Unanunua jioni ya maisha yake, unaisafirisha kwa gharama ya mtambo mpya, unaijengea msingi mpya wa mamia ya tani za zege, unaiinua kwa kreni ileile. Kilichopungua bei ni chuma tu. Benki nayo haiwezi kukupa mkopo wa miaka 12 kwa mashine yenye umri wa kubaki miaka 5 au 8. Giaboksi ikipasuka, na hiyo ndiyo inayopasuka, kreni inarudi tena kutoka mbali. Mwenye mitambo 60 akipoteza mmoja amepoteza sehemu ndogo isiyofika asilimia 2 ya mapato. Wewe mwenye mitatu umepoteza theluthi, na benki inataka marejesho yote. Mitambo mingi ya kizazi hicho pia haihimili voltiji inapoyumba, na njia zetu za vijijini unazijua.

Hiyo milioni 3.8 yake, basi, siiamini. Naona gharama za usafiri, msingi na kuunganisha kwenye gridi zimepunguzwa ili jumla ipendeze.

Umeniuliza kuhusu kusaini tu, lakini una ekari 70 kwenye mwinuko na una kiwanda, na hivyo viwili ni mali tofauti katika habari hii.

Ekari zile zinaweza siku moja kuwa na thamani kwa mjenzi mkubwa mwenye mtaji wake. Wewe unakodisha, yeye anabeba hatari. Mfano wa hesabu: mtambo mmoja wa kisasa wa megawati 4 kwa asilimia 35 unatoa uniti milioni 12 na ushee kwa mwaka. Ukiuzwa kwa senti 6, mapato ni dola 736,000 hivi, na asilimia 2 ya hayo kwa mwenye ardhi ni dola 14,700 kwa mwaka kwa mtambo mmoja. Mnara na eneo lake baada ya ujenzi huchukua ekari moja au chini ya hapo, alizeti inaendelea kulimwa pembeni. Akija mtu wa namna hiyo, usimpe haki ya kushikilia ardhi miaka mingi bure "wakati anatafuta fedha". Miaka mitatu, kwa malipo, na asipojenga ardhi iko huru. Asilimia iandikwe juu ya mapato, kamwe isiwe juu ya faida, maana faida huweza kufichwa kwenye vitabu. Na vipimo vyote vya upepo vitakavyofanyika shambani kwenu, mpewe nakala. Hiyo ni mali.

Kabla ya hapo, wekeni sawa ardhi yenyewe: mipaka, jina lililo kwenye hati, ndugu wote na wenzi wao wakubali kwa maandishi, na majirani mnaopakana nao wajue. Kinangop, kule Nyandarua nchini Kenya, ulikuwa mradi wa megawati 60 wenye fedha tayari, ukafa mwaka 2016 kwa mgogoro na wananchi kuhusu ardhi. Hata Turkana, pamoja na ukubwa wake, mahakama ya ardhi ya Meru ilitamka mwaka 2021 kwamba hati zake zilipatikana kinyume cha utaratibu. Upepo hauna mwenyewe, udongo unao.

Kiwanda ni habari nyingine, na hapo ndipo ningeweka fedha kwanza kama ningekuwa mimi. Chukua ankara zako za umeme. Kama uko kundi la T2, la wateja wanaotumia umeme mwingi, kwa bei za 2016 uniti moja ni shilingi 195, na juu yake unalipa kwa kVA (kipimo cha mzigo unaouvuta kwenye njia ya umeme) ya juu uliyofikia ndani ya mwezi. Kila uniti unayojizalishia inakuokolea shilingi 195 papo hapo, bila zabuni, bila kusubiri kulipwa na mtu. Kwa hilo upepo haukufai, kwa kuwa hakuna mtambo mmoja wa kiasi cha kiwanda chako ambao gharama ya kuuleta na kuutunza ingelipika. Jua la Singida linakufaa. Sola ya kilowati 100 juu ya paa katika kanda ya kati hutoa uniti 150,000 au zaidi kwa mwaka, haihitaji kreni, na paneli moja ikifa zilizobaki zinaendelea. Kwa shilingi 195 hiyo ni shilingi milioni 29 kwa mwaka ikiwa utatumia uniti zote. Na hapo ndipo uwe mkali na anayekuuzia, kama ulivyopaswa kuwa na dalali wa upepo: wewe hukamui mwaka mzima. Mbegu zikiisha mashine zinalala, na jua linaendelea kuwaka bure. Hesabu uniti za miezi ya kukamua tu, na kwa zinazobaki uulize ofisi ya TANESCO mkoa utaratibu wa kuingiza ziada kwenye gridi kabla hujanunua hata skrubu.

Kuna dogo moja zaidi ambalo dalali hatakutajia, kwa sababu halina kamisheni. Mota za kukamua, hasa za zamani zilizofungwa upya mara kadhaa, huvuta kVA nyingi kuliko kazi zinayofanya, na wewe unazilipia kila mwezi. Sola haiondoi malipo hayo, maana wingu moja mchana linatosha kukurudisha kwenye kilele kilekile. Fundi mzuri wa umeme wa viwandani anaweza kukufungia kapasita za kurekebisha pawafakta (uwiano wa kazi inayofanyika na kVA zinazovutwa) kwa gharama ndogo ukilinganisha na chochote nilichotaja hapa, na mara nyingi ndizo zinazorudisha fedha mapema kuliko vyote.

Ile dola 15,000 ya kuanzia, usiilipe. Mwenye mradi wa kweli hutumia fedha yake kupima upepo kabla ya kuomba ya mwenye shamba. Mwambie dalali alete vitu vitatu: vipimo vya miezi 12 kutoka kwenye shamba lenu, barua ya benki yenye riba na muda, na bei ya mnunuzi kwa maandishi. Kama anavyo, niandikie tena, nitavisoma kimoja kimoja na nitafurahi kubadili jibu langu.

Wakati unamsubiri, kusanya ankara za miezi 12 iliyopita, uandike pembeni ya kila mwezi umekamua magunia mangapi na mota zako zina nguvu kiasi gani. Futa namba ya akaunti, nitumie nakala. Kwa hizo naweza kukupigia hesabu ya sola na ya kapasita, kwa shilingi.